Tundu la Tatu

Mwende, mwaitu,

Salamu za kukujulia hali nitaziruka, maana nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako kuhusu sufuria anayotaka uende nayo. Uko mzima. Nami ni mzima, isipokuwa goti. Nimejifungia chumbani, nikasema naenda kujinyoosha kidogo kabla ya chakula. Mama yako ameniangalia tu. Tangu tuoane hajawahi kuniona nikijinyoosha jua likiwa bado juu.

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kanisa utakalosali huko Afrika Kusini na ya kutokubali kuazima watu nguo, yote umeambiwa wiki nzima. Jana wale akina mama wa kanisa waliokuja kukuombea wakaongeza mengine. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuandikia kuhusu matundu ya hewa. Cheka tu. Ni mzazi gani anayemwandikia binti yake barua ya silinda hedi, kichwa cha injini, na kesho binti huyo anapanda ndege? Ni huyu uliyepewa. Hukuulizwa.

Lakini kwanza nikwambie kilichonikalisha hapa. Siku ile mlipokuwa mkikunja nguo, nilikuwa nakuja na kikombe changu cha chai, nikakusikia ukimwambia mama yako, "Labda Baba ako right. Labda mi hujifanya tu najua." Hukulia. Ulisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikarudi nyuma na chai yangu, nikaimwaga. Tangu siku hiyo nimetaka kukuandikia, kwa sababu namjua aliyekutia maneno hayo kinywani. Unakwenda kwenye karakana ya injini za mashindano ambako kila mtu anauamini mkono wake, na wewe unakwenda ukiushuku wako. Hilo ndilo sitaki liingie ndani ya sanduku. Lingine lolote wekeni, hata hiyo sufuria.

Sasa nianze mbali, univumilie.

Babu yako alikuwa mchongaji, hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi alivyokuwa pale kibandani alipochongea, kwa sababu wewe ulimkuta mzee ambaye meno yamemtoka na ukali umemtoka pia. Nilikua nikikaa kwenye vumbi la mbao zake. Alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, kinachong'aa ndicho kinachonunuliwa. Twiga wake tuliwapiga msasa, kisha tukawapaka rangi ya viatu, tukawasugua kwa kitambaa mpaka mtu angeweza kujitazama kwenye shingo ya twiga na kuchana nywele. Ya pili, mchongaji haongezi. Anatoa tu. Mbao ikitoka imetoka, kwa hiyo ukikosea, umekosea, chukua gogo lingine uanze upya.

Kulikuwa na mchongaji mmoja pale, mtu mzima mwenye watoto, ambaye kifaru wake alipasuka shingoni. Akachanganya unga wa mbao na gundi, akaziba, akasugua, akapaka rangi. Usingejua. Lakini babu yako alijua. Alimchukua yule kifaru mbele ya watu wote, akamtupa kwenye moto wa kuchemshia chai, akasema, "Hapa hatuzibi. Anayeziba ni asiyejua kukata." Yule mtu aliokota patasi zake, akaenda. Hakurudi tena. Nami nilikuwa mtoto, mwaitu, na nikaona baba yangu ni mkubwa kuliko mtu yeyote Nairobi.

Nilipoingia Industrial Area sikuingia kama fundi. Niliingia kubeba vyuma. Nilikuwa nimepanga chumba Mukuru kwa Reuben, asubuhi nasimama getini na wengine tukingoja kuchaguliwa. Siku moja fundi wa hedi alikuwa mgonjwa, na mwenye karakana akauliza kama kuna anayeweza kulainisha tundu bila kuharibu. Nikasema mimi. Mkono uliochonga shingo ya twiga ukaingia ndani ya chuma, na chuma kikatii. Sikuwa najua injini, lakini nilijua mpindo. Ndivyo nilivyopata kazi iliyokulisha.

Wewe ndiye uliyewahi kumweleza mama yako vizuri kuliko mimi: injini ni mtu anayekimbia, hedi ni pua zake. Injini kubwa ya mashindano inataka pumzi nyingi, na pumzi hiyo yote inapita kwenye yale matundu, inapinda kona juu ya valvu, inaingia. Mimi kwa akili yangu ya kibandani nilielewa hivi: pua kubwa, pumzi kubwa. Basi nikawa natoa. Hedi ikija, napanua. Nikimaliza kupanua, nang'arisha. Wateja walipenda. Walikuwa wakimulika tochi ndani na kuitana, "Njoo uone, ni kama kioo!" Na injini ikiwaka, ilikuwa desturi, tunakwenda Burma, kule soko la nyama, mwenye gari ananunua mbavu, na sifa zinaliwa pamoja na kachumbari.

Nimekuonyesha hedi nyingi nilizozifanya. Moja sijawahi kukusimulia.

Kuna kijana mmoja alikuwa na gari la buluu la mashindano. Alikuwa mpole, wa kuuliza maswali, kama wewe. Alijinyima mpaka akaagiza hedi mpya kutoka nje, si ile ya kiwandani iliyokuja na gari, bali ya wale wanaotengeneza za mashindano peke yake. Akaniletea ikiwa bado kwenye boksi. Nakumbuka nilivyoifungua. Ilikuwa nzuri tayari, Mwende. Waliotengeneza walikuwa wamefikiria. Ningeisafisha tu kingo na kuiacha. Lakini ningeiacha vipi, na mkono wangu haumo? Nikaipanua mpaka ukuta ukabaki mwembamba, karibu nitoboe kwenye njia ya maji. Kisha nikaing'arisha kama twiga.

Gari lilipiga kelele ambayo ilisikika mpaka barabara kuu. Tukala Burma. Wiki iliyofuata kijana akaniambia, "Fundi, nikiwa spidi ya juu inavuta, lakini nikitoka kwa kona ni kama imelala. Inakohoa." Sikujua sababu. Leo naijua, wewe umenionyesha: tundu likiwa kubwa mno hewa inatembea badala ya kukimbia, na petroli ikikuta ukuta unaong'aa inateleza na kutiririka matone matone badala ya kupanda na hewa. Lakini siku ile sikujua, na fundi anayesifiwa hasemi sijui. Nikamwambia, "Gari iko sawa. Ni wewe hujui kuitoa kona."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Alishiriki mashindano mengine mara chache, kila mara akiwa nyuma, kisha akauza gari.

Miaka ikapita. Nikaharibu hedi nyingine, na nyingine, na polepole nikaanza kupunguza kupanua, kisha nikapunguza tena, bila kumwambia mtu kwa nini. Nilikuwa nimeshajua kosa ni langu, ingawa sababu yake bado. Halafu siku moja nikakutana na yule kijana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, amenenepa, ana familia. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Fundi, ile siku uliniambia ukweli, ulinisaidia. Ningepoteza miaka yangu kwa kitu sijui."

Alinishukuru, Mwende. Alikuwa anajua kuendesha, mimi nikamwambia hajui, akanishukuru. Nami nikamwambia, "Haya, salimia watoto." Nikatoka bila kununua nilichoendea.

Sasa nije kwetu wawili.

Ulipojenga ile mashine yako ya kupima hewa, nililicheka lile sanduku la mbao na zile mota za mashine kuukuu za kufagilia mazulia, na ule mpira unaopitisha mwanga wenye maji mekundu ndani. Niliita kiosk ya upepo. Karakana nzima ikaita hivyo. "Mwende, kiosk imefungua? Nipimie upepo wa mia." Hukukasirika. Ulifunga hedi juu ya sanduku, ukawasha, sanduku likavuta hewa kupitia tundu, na maji mekundu yakapanda kwenye mpira. Yakipanda juu, hewa nyingi imepita. Yakikaa chini, haijapita. Ulitueleza kwa upole kabisa. Mimi nilikuwa nimeangalia pembeni nikijifanya natafuta tupa.

Nikwambie ukweli: niliiogopa. Mkono wangu ulikuwa umeongea peke yake miaka yote, hakuna wa kuuhoji, na sasa kulikuwa na maji mekundu yanayoweza kusema hapana.

Kisha mteja wetu mmoja, daktari wa meno anayeshiriki mashindano ya magari, akaleta hedi yake. Nilikupa uifanye kwa sababu goti lilikuwa limenishika, si kwa sababu nilikuwa mkarimu, tuelewane. Nilifikiri utapanua kidogo, nije nimalizie. Niliporudi nilikuta umefanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye meza yangu. Umeongeza. Umechukua ile gundi ngumu ya chuma, ukajaza sakafu ya kila tundu, pale hewa inapopinda kushuka kwenye valvu, ukaipiga msasa ikawa mteremko. Tundu lilikuwa dogo kuliko lilivyotoka kwenye boksi! Na ukuta umeuacha na ukwaruzo wa msasa, hauna hata mng'ao wa kijiko.

Ningekuuliza. Hata neno moja, "kwa nini," lingetosha. Lakini daktari alikuwa ameingia na marafiki zake wawili, akamulika tochi, akasema, "Fundi, niaje, hii ni nini imejazwa huku ndani? Na mbona haishine?" Wote wakanigeukia. Na mdomoni mwangu ikatoka sauti ya babu yako, neno kwa neno. "Huyu bado anajifunza, hajui. Hapa hatuzibi. Anayeziba ni asiyejua kukata."

Ulivua aproni, ukaikunja, ukaiweka mezani kando ya hedi. Ukasema, "Sawa, Baba." Hukurudi tena karakana. Nilijiambia ni kwa sababu unajiandaa na safari.

Daktari alitaka nitoe gundi yote na kupanua kama kawaida yangu. Nikamwambia sawa. Kesho yake nikashika grainda, nikaanza na tundu la tatu, kwa sababu ndilo lililokuwa limenikalia vizuri. Nikaitoa gundi yako yote humo. Kisha, sijui, labda ni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniona, nikaifunga hedi kwenye kiosk.

Niliwasha tundu la kwanza, lako. Maji yakapanda, yakatulia. Sauti yake ilikuwa moja, laini, kama mtu anayepuliza chai. Nikahamisha kwenye la tatu, lile nililotoka kulisafisha, kubwa. Maji yakapanda yakaishia chini ya pale yalipofika kwa lako, na sauti ikawa inakwaruza, inagugumia, kama hewa inagombana yenyewe pale kwenye kona. Nikazima. Nikaangalia kama mpira umevuja. Nikawasha tena la kwanza, la pili, la nne. Yote matatu yalipumua kwa sauti ile ile. La tatu peke yake lilikuwa linakohoa, na kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nimesimuliwa na kijana wa gari la buluu.

Nilikaa kwenye ndoo nikakitazama nilichofanya. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi maisha yangu yote nimejua kumwaga tu. Kutoa najua. Kurudisha sijawahi.

Basi nikajifunza kuziba. Usiniulize mara ya kwanza ilikuwaje. Gundi iliganda kabla sijaisawazisha, ikawa kama ugali uliosahauliwa. Nikatoa. Mara ya pili mteremko ukawa mkali, maji yakakataa. Nilitaka sana kukupigia simu. Nilikuwa nimeishika simu kabisa, jina lako limetokea, kisha nikajiuliza nitaanzia wapi, nikairudisha mfukoni. Nikawa nachungulia tundu la pili, kazi yako, kisha narudi kwenye la tatu. Nimechonga miaka mingi, lakini sijawahi kuiga mkono wa mtu. Ni kazi ngumu. Inabidi uamini kwamba yule mtu alikuwa na sababu kila mahali alipoachia na kila mahali alipokaza. Kufikia mara ya nne nilianza kuona ulichokuwa unakifikiria, na Mwende, ni kizuri. Nilikaa pale peke yangu nikasema kwa sauti, "Huyu msichana anajua." Nilisema kwa ukuta. Ningesema kwako mapema.

Lako na langu hayajalingana sawasawa. Langu limebaki nyuma kidogo, kama upana wa ukucha kwenye ule mpira. Nimeliacha hivyo.

Leo asubuhi daktari ametoka na gari kulijaribu. Hakujua. Nilimwambia tu kazi imeisha, na sikumruhusu amulike tochi. Alinipigia saa sita, anapiga kelele kuliko injini. "Fundi! Inatoka kwa kona kama imefukuzwa na mbwa! Ulifanya nini?"

Nikamwambia, "Si mimi. Ni Mwende. Gundi iko palepale. Siku ile nilikudanganya mbele ya watu nikasema hajui. Anajua. Nenda uwaambie na wale rafiki zako."

Kisha akasema, "Sasa nyama ya Burma ni ya nani?"

"Ya Mwende. Funga mbavu, lete nyumbani."

Kwa hiyo usishangae daktari wa meno akibisha hodi jioni hii na furushi la nyama. Usimwache mama yako aseme tumekwishakula. Mashindano yenyewe bado, na akishinda au akishindwa wewe utakuwa mbali. Sijui itakuwaje. Hewa naijua kidogo, bahati siijui.

Huko unakokwenda watakuwa na mashine za kupima zinazong'aa, zenye kioo na namba. Labda utakuta kwamba nusu ya tuliyofanya hapa wao waliyaacha zamani. Sawa. Na labda kutakuwa na mzee kama mimi, mwenye sauti, ambaye hajawahi kuulizwa. Huyo sijui nikushauri nini juu yake, maana ningekuwa najishauri mwenyewe. Ila siku utakaposikia "hujui" kutoka kwa mtu ambaye hajapima, kumbuka kijana wa gari la buluu. Kama ningempata leo ningemwambia. Nimeanza kumtafuta. Kwenye lile duka wamesema huwa anapita.

Na babu yako pia nimekuwa nikimfikiria. Nimefikiria yule kifaru. Mwaka mzima uliofuata nilikuwa nikiona watoto wa yule mchongaji kwenye foleni ya maji, sikuwahi kujiuliza baba yao anachonga wapi siku hizi.

Nakuita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chetu, kwa sababu una jina la mama yangu. Yeye ndiye pekee aliyekuwa akimwambia babu yako, "Umekosea," naye akanyamaza. Nilidhani nimekupa jina tu.

La mwisho, kisha nije tule. Unajua hedi zote zinazotoka kwetu hugongwa alama yangu ubavuni, K ya Kioko. Hata zile ulizozifanya wewe kwa mikono yako toka mwanzo hadi mwisho, nimezigonga K. Hukuwahi kusema kitu. Hii ya daktari, kabla haijafungwa kwenye gari, nilitoa kile kisanduku cha vyuma vya kugongea herufi. K imechakaa, imekuwa butu. M ilikuwa bado na mafuta ya dukani. Niliishika vizuri, nikagonga mara moja. Imesimama wima.

Sikugonga K kando yake.

Kile chuma chenye M kimo ndani ya soksi zako za kijivu, kwenye sanduku kubwa, si mkobani, wasije wakakunyang'anya uwanja wa ndege. Kisanduku changu kitabaki na pengo pale katikati, na mteja akiuliza nitamweleza ilipo. Kagonge huko.

Ni mimi baba yako,
Kioko, fundi wa tundu la tatu